Ali yupi, Tyson yupi?

Mazungumzo ya ndondi yakikosa cha kujadili hurudi palepale: Muhammad Ali na Mike Tyson, mabingwa wa uzito wa juu wa zama tofauti, wangekutana, nani angelala? Nimelibishania swali hilo mpaka sauti ikanikauka, na sijaacha. Ila siku hizi, kabla sijataja mshindi, nauliza kwanza: Ali yupi?

Maana kina Ali ni wengi. Yuko yule wa Novemba 1966 kule Houston, mwenye miaka 24 na miguu isiyotulia, aliyemmaliza Cleveland Williams katika raundi ya tatu bila hata kutoka jasho la maana. Mwaka uliofuata akanyang'anywa mkanda na leseni kwa kukataa kwenda jeshini, na aliporudi ulingoni mwaka 1970 miguu ile haikurudi naye yote. Aliyemwangusha George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974 alikuwa mtu mwingine kabisa: mzito zaidi, mjanja zaidi, anayeegemea kamba na kukubali kipigo ili mwenzake achoke. Halafu yuko wa Oktoba 1980, ambaye kona yake, yaani wasaidizi wake, ilisimamisha pambano na Larry Holmes baada ya raundi ya kumi, na afadhali wangelisimamisha mapema zaidi. Ukisema "Ali" tu, hujataja bondia. Umetaja maisha ya mtu.

Tyson naye ni vilevile. Juni 1988 alimlaza Michael Spinks kwa sekunde 91. Miezi 20 haijatimia, yuko Tokyo kwa magoti, anatafuta kizuia meno sakafuni baada ya makonde ya Buster Douglas, mtu ambaye wacheza kamari walimdharau kwa uwiano wa 42 kwa 1. Kwa hiyo asiyetaja tarehe huwa amejichagulia tarehe kimyakimya: bondia wake anampa usiku wake bora, na wa mwenzake anampa usiku wowote.

Wapo waliotaka mashine iwaamulie. Mwaka 1969 Ali na bingwa wa zamani Rocky Marciano waliitwa studio huko Miami, wakarekodi raundi nyingi fupi za kuigiza pamoja na miisho kadhaa, kisha ikasemwa kompyuta ndiyo imeamua. Marciano, aliyestaafu akiwa na mapambano 49 bila kupoteza hata moja, alikufa katika ajali ya ndege Agosti mwaka huohuo kabla ya kujua matokeo. Filamu ilipoonyeshwa mwaka 1970, watazamaji wa Marekani walimwona Marciano akishinda kwa KO, yaani kwa kumlaza Ali, raundi ya 13. Ulaya walionyeshwa Ali akishinda. Kompyuta moja, washindi wawili, inategemea umekaa upande gani wa bahari! Sisi wabishi tunafanya hivyohivyo, tena bila umeme.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni hesabu ya ngazi: huyu kampiga yule, yule kampiga fulani, basi huyu angempiga fulani. Tazama miaka ya 1970 ilivyoichana hesabu hiyo. Joe Frazier alimshinda Ali kwa pointi Machi 1971. Ken Norton alimvunja taya na kumshinda mwaka 1973. Foreman naye akamwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili mjini Kingston, kisha akamchakaza Norton kwa raundi mbili pia, Caracas. Kwa ngazi, Ali alitakiwa kubebwa kwa machela Kinshasa. Aliyelala ni Foreman, raundi ya nane. Hao wote ni wa zama moja, na bado hesabu ilikataa, kwa sababu ndondi huamuliwa na nani anamkera nani. Frazier alikuwa anaingia ndani kwa kuinama, moja kwa moja kwenye ngumi za Foreman. Ali hakuwa akiingia ndani.

Na sheria nani anazitaja? Juni 1941, enzi za raundi 15, Billy Conn alikuwa mbele ya bingwa Joe Louis kwenye kadi mbili kati ya tatu za waamuzi baada ya raundi 12. Akajiona, akaenda kumtafuta Louis kwa nguvu raundi ya 13, akalazwa. Leo, pambano la ubingwa likiwa la raundi 12, Conn angeshuka ulingoni akiwa bingwa wa uzito wa juu. Ni kifo cha bondia Duk Koo Kim baada ya pambano mwaka 1982 kilichoanza kuziondoa zile raundi tatu za mwisho. Uzito nao usiseme: Marciano akiwa bingwa alikuwa na kilo 84 au 85 hivi, wakati Tyson Fury, si yule Mike, alipanda kupigana na Deontay Wilder Oktoba 2021 akiwa na zaidi ya 125. Anayeniambia moyo wa Marciano ungefidia kilo 40 simbishii tena, namwacha anywe maji.

Zama zikikutana kweli, mara nyingi mzee ndiye huumia. Louis aliangushwa na Marciano mwaka 1951, Holmes na Tyson mwaka 1988. Aliyevunja desturi ni Foreman. Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimlaza Michael Moorer raundi ya kumi, naye alikuwa nyuma kwenye kadi zote. Moorer alikuwa mtoto wa miaka sita usiku ule wa Kinshasa.

Haya, msije mkasema nimekwepa. Ali wa 1966 na Tyson wa 1988, raundi 12 au 15, nampa Ali kwa pointi. Raundi nne za kwanza ningezitazama kwa kuziba uso. Pambano ninalolitamani zaidi ni lingine: Foreman wa Kingston 1973 dhidi ya Tyson huyohuyo wa 1988. Hapo namchukua Foreman, na mapema. Anayemtaka Tyson anieleze kwanza angekifikiaje kifua cha jitu lile bila kupita njia ileile aliyopita Frazier.