Desimali tusizikate njiani

Jamani hii tabia ya kukata desimali katikati ya hesabu tuiache, inagombanisha watu bure. Mwaka jana tumevunja kikoba chetu, faida milioni 1 kamili, hisa 347. Mweka hazina kagawa kwenye simu ikaja 2,881.844 na mkia mrefu, akasema haya tuseme 2,900 chenji isitusumbue, akaandika kwenye daftari, tukaanza kulipana. Tumefika kwa mama wa mwisho mwenye hisa 12, anadai 34,800, sanduku lina 28,500. Likapinduliwa, likakung'utwa, macho yote kwa mweka hazina na dada wa watu hajaiba hata mia! Zile 6,300 zimeliwa na shilingi 18 na ushee alizoongeza kwenye kila hisa, mara 347.

Sisemi tusikadirie, maana hakuna mtu atakulipa senti 84. Ila kadiria mwishoni. Chukua hisa za mtu, zidisha na ile 2,881.844 kama ilivyo, huyo mama inakuja 34,582, hapo ndio unashusha unampa 34,500, na vichenji vya watu wote vinaingia mfuko wa jamii. Sanduku haliwezi kupungua.

Na wasomi wenye kompyuta yamewakuta. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha faharasa yake, yaani namba moja ya kuonyesha bei za hisa kwa ujumla zinapanda au zinashuka, Januari 1982 kwa pointi 1000, kila hisa ikiuzwa kompyuta inapiga upya, inabakisha desimali tatu na zingine inatupa hata pale ilipotakiwa kupandisha. Kila mara ni chini ya sehemu moja ya elfu ya pointi, nani angejali? Lakini ni karibu mara elfu tatu kwa siku, na zote zinavuta upande mmoja, kushuka tu. Kufika Novemba 1983 faharasa inasoma 524 hivi, walipokokotoa upya vizuri ikaja 1098. Yaani zaidi kidogo ya nusu ilipotelea kwenye desimali! Makosa yanayopanda na kushuka huwa yanafutana, yanayoenda upande mmoja yanarundikana, na sisi na ile 2,900 tulikuwa tunapanda tu.

Mwaka huu tunavunja Desemba. Nimeshaomba kwenye kikao, kabla hajalipwa mtu yeyote, malipo yote yajumlishwe kwenye karatasi kwanza yalinganishwe na sanduku, na daftari ashike dada yule yule.