Jumlisha Urefu, Upana na Kimo

Jamani, futi imeanza lini kazi kiwanja cha ndege? Futi tunaijua. Ya fundi cherehani inaning'inia shingoni, ya seremala inakaa mfukoni na kipande cha penseli. Leo iko kaunta ya kuandikisha safari, mikononi mwa kijana aliyevaa tai, na kinachopimwa si kiuno wala mbao. Ni katoni ya baiskeli. Urefu 140. Kimo 80. Upana 23. Anajumlisha kwenye simu, anatazama, anajumlisha tena. 243. Anashusha pumzi kama daktari aliyeshika majibu mabaya.

"Kaka, mzigo wako umezidi."

Kilo? Wala. Mizani imesoma 19 na tiketi inaruhusu 23. Kilichozidi ni sentimita. Mashirika mengi yanataka begi lisipite sentimita 158, yaani urefu, upana na kimo vikiwekwa pamoja. Hiyo 158 msidhani imeshuka na malaika. Ni inchi 62 za Wamarekani zimegeuzwa sentimita, nasi tunazipokea kama amri kumi.

Sasa chukua futi hiyohiyo mpime abiria mwenyewe. Mtu mzima wa kawaida: kimo 172, mabega 46, kutoka tumbo hadi mgongo 25, na hilo ni tumbo la kabla ya sikukuu. Jumla 243. Sawasawa na katoni! Na huyu ana kilo 75, anakula, anaomba maji, anataka dirishani. Katoni yenye kilo 19 imenyamaza kimya, ndiyo inayoambiwa imezidi.

Bei ya kuzidi ni kati ya dola 50 na 150 kwa mashirika mengi, na hiyo ni kwenda tu. Kurudi unalipa upya, kana kwamba ulikokwenda baiskeli ilinenepa. Dola 150 kwa shilingi inakaribia laki nne. Mtumba mzuri wa Japani, gia 18, breki zinashika, unaupata kwa laki mbili na nusu na fundi anakuongezea kengele. Kwa hiyo baiskeli inapanda ndege kwa bei inayoizidi yenyewe. Huko Marekani, mwaka 2019 American Airlines na Delta walifuta ada ya dola 150 waliyokuwa wakitoza vifaa vya michezo vikubwa, baiskeli ikahesabiwa kama begi lolote, mradi isipite kilo 23. Anga hazikuanguka. Ndege zinaruka mpaka leo.

Kuna wajanja wanaosema, "Si uigawe mabegi mawili?" Haya, tugawe. Magurudumu mawili ya baiskeli ya barabarani, kila moja na kipenyo cha sentimita 68, ukiyalaza pamoja unapata 68 kwa 68 kwa 20. Jumla 156, yamepita kwa tundu la sindano. Fremu sasa. Hata ukiivua foku, yaani ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, kutoka sikio la nyuma linaloshika gurudumu hadi shingo ya usukani ni kama mita moja, kimo 58, upana 15. Jumla 173. Imekwama. Ndiyo maana wenzetu wenye pesa wanaagiza fremu zinazokatika katikati kwa viungo vya kukaza, zinaingia kwenye sanduku la inchi 26 kwa 26 kwa 10. Jumlisha: 62. Mtu amekata chuma katikati ili amfurahishe mwenye futi. Wengine wana Brompton ya Uingereza, ile inayojikunja kama mwavuli. Ikikunjwa haifiki 158. Bei yake tusiitaje, tuna watoto wanaosoma.

Na kabla ya kufika kaunta umeshapita mengi. Katoni yenyewe haipatikani. Mitumba ya Japani inaingia nchini imebanana kontenani uchi kama ilivyozaliwa. Katoni ziko kwa wauza baiskeli mpya, nao wameshaziuza kwa wanaokusanya makaratasi. Utashauriwa uchukue katoni ya televisheni ya inchi 55. Urefu unatosha, ila upana ni sentimita 16 au 17, na habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu, peke yake inakula 13 au 14. Gurudumu la mbele ulifunge wapi, kichwani?

Ukishapata katoni, kaa chini ufungue. Pedeli kwanza, na hapa ndipo shetani amejenga. Pedeli ya kulia inafunguka kama nati zote tulizozizoea. Ya kushoto meno yake yamegeuzwa. Fundi wa harakaharaka anachomeka bomba kwenye spana namba 15, ananing'inia, anazidi kukaza, mpaka meno ya aluminiamu ya krenki, ule mkono unaoshika pedeli, yanakwanguka, halafu anakwambia, "Hii ilikuwa mbovu toka zamani." Kanuni ni moja: simamisha spana juu, ivute kuelekea gurudumu la nyuma. Kulia hivyo, kushoto hivyo. Na siku ya kurudishia paka grisi, kushoto na kulia zimeandikwa L na R, usibahatishe.

Usukani unatoka kwa alenki ya 4 au 5, unafungwa ubavuni mwa fremu. Kiti shusha chote au kichomoe. Ukitoa gurudumu la mbele, usiache foku wazi. Chonga kijiti cha sentimita 10, au omba dukani kile cha plastiki kinachokuja na baiskeli mpya, ukibane katikati ya ncha zake mbili. Bila hicho, mzigo wa mtu mwingine ukikaa juu, ncha zinabanwa ndani, au zinatoboa katoni na kwenda kusalimia begi la jirani. Breki zikiwa za diski na mafuta, kunja kipande cha katoni ukiweke kati ya padi, maana lever ikiminywa huko njiani padi zinafungana, na utafika ukizibandua kwa bisibisi.

Kidude cha nyuma kinachohamisha cheni ndicho yatima wa safari. Kinashikiliwa na kisikio chembamba cha aluminiamu kilichotengenezwa kwa makusudi kipinde kabla fremu haijapinda. Kinatimiza wajibu wake vizuri sana: kinapinda. Ukiunga baiskeli ukaweka gia nyepesi, kidude kinaingia kwenye spoki na safari imekwisha. Kifungue kwa alenki ya 5, kivike kitambaa, kifunge ndani ya fremu, na nunua kisikio cha akiba kabla hujaondoka, kwa sababu kila aina ya fremu ina chake.

Haya. Umefunga, umeandika BAISKELI pande nne na mishale ya UPANDE HUU JUU, ambayo wapakiaji wanaichukulia kama mapambo. Umefika.

Foleni ile ya kamba zenye kona haikutengenezewa katoni ya karibu mita moja na nusu. Kila kona unairudisha nyuma kama lori la mchanga, unagonga visigino vya watu, unasema samahani mpaka neno linaisha maana. Kaunta, futi, 243, mambo mliyoyasikia. Halafu:

"Ndani kuna nini?"

Imeandikwa pande nne. "Baiskeli, dada yangu," maana kijana wa tai amekwenda kumwita msimamizi, kaunta amemwachia dada.

"Ya umeme?"

"Ya miguu."

Hapa dada ana haki. Betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 abiria haruhusiwi kuipandisha, si mkononi wala kwenye mizigo, na za baiskeli za umeme nyingi zina 400 au 500. Mwenye baiskeli ya umeme arudi nyumbani akapumzike.

"Umetoa upepo?"

"Nimepunguza. Nimeacha kidogo ulinde rimu."

"Toa wote."

"Dada, kule chini kwenye mizigo hewa imebanwa kama huku juu tunakokaa. Hata ukilitoa tairi nje ya dunia kabisa, tofauti ya upepo haizidi PSI 15. Fundi wa kituo cha mafuta anazidisha zaidi ya hapo akiwa anaongea na simu."

"Kaka, hiyo fizikia peleka kwenye mitihani ya NECTA. Toa upepo."

Unakata gundi uliyoizungushia usiku kucha. Unapiga magoti mbele ya watu wenye heshima zao. Unatafuta valvu ndani ya katoni kwa kupapasa, kama mkunga. Fyuuuuuu. Foleni yote inageuka kukutazama. Mama mmoja anaziba pua. Huwezi kuanza kumweleza mtu mmoja mmoja kwamba ilikuwa tairi.

Ndipo anafika msimamizi, mtu mzima, mikono nyuma, na wakati huohuo kaunta ya pili anapita bwana na mfuko wa fimbo za gofu. Futi haikuguswa. Mfuko wa gofu una urefu wa sentimita 125 na upana wa kutosha. Jumlisha mwenyewe kama haupiti 158.

"Mzee, samahani, ule haupimwi?"

"Ule ni vifaa vya michezo."

"Na baiskeli?"

"Baiskeli ni chombo cha usafiri."

"Kwa hiyo chombo cha usafiri kinalipa nauli ya kusafiri."

"Hapo umenielewa."

Ungefanya nini? Utamwambia kwamba Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, na hakuna aliyekwenda kule na fimbo ya gofu? Atakujibu hongera kwao. Unalipa. Ila hulipi pale. Malipo ni dirisha lingine, upande ule mwingine wa jengo, na mashine ya kadi inatafuta mtandao. Unarudi na risiti, dada anabandika lebo, halafu anasukuma fomu: saini hapa, kwamba mzigo haukufungwa inavyotakiwa, ukivunjika ni juu yako. Haukufungwa inavyotakiwa! Si ni nyie mmeufungua?

Soma fomu kabla ya kusaini. Katika safari za kimataifa zinazoongozwa na Mkataba wa Montreal, shirika linawajibika kwa mzigo mpaka kikomo cha SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF) kwa abiria, kama dola 2,000, tangu mwisho wa 2024. Lakini ukikuta kitu kimevunjika usitoke nje ya kiwanja kwanza. Andikisha ripoti palepale kwenye dawati la mizigo, na malalamiko ya maandishi yafike ndani ya siku 7. Siku ya nane wewe ni mpita njia. Na piga picha ya baiskeli kabla ya kufunga, la sivyo utaambiwa mkwaruzo huo ulizaliwa nao.

Umedhani yamekwisha. Katoni haipiti mkanda wa kawaida, unaisukuma mwenyewe mpaka mlango wa mizigo mikubwa. Pale walinzi wanakata gundi tena, ileile uliyobandika dakika kumi zilizopita, wanachomoa pampu, wanaigeuza, wanachungulia tundu lake. Gundi ya akiba ibaki mkononi. Spana isibaki mkononi, itaishia kwenye ndoo yao.

Ndege yenyewe ikiwa ndogo, zile za mapanga zinazokwenda mikoani, nafasi ya mizigo ni ya kugombania, kwa hiyo uwe umewapigia simu mapema baiskeli iandikwe, la sivyo unaweza kufika wewe, yenyewe ikaja kesho. Vile vidogo kabisa vya kwenda Unguja usijaribu. Huko ni kilo 15 kwenye begi laini. Na ukikata tiketi mbili za mashirika mawili, ada mbili, futi mbili.

Ndiyo maana mtu anaikumbuka stendi. Basi halina 158. Konda anaitazama baiskeli mara moja, macho yake ndiyo futi, anasema elfu ishirini. Unasema tano. Anaondoka. Anarudi. Elfu kumi, na anaipakia nzima na upepo wake, pedeli zake, kengele yake. Hakuna fomu. Hakuna mtu anayeuliza kama ni ya umeme. Unapanda, unakaa, unanunua korosho dirishani, moyo umetulia.

Halafu Morogoro anapanda mwenye magunia matatu ya viazi, buti linafunguliwa, na unasikia huko chini spoki zinaimba moja moja. Unateremka mbio.

"Konda! Umeweka viazi juu ya baiskeli?"

"Sasa bosi, ningeweka baiskeli juu ya viazi? Viazi vingepondeka."