Samaki-Kisiwa wa Sindbad: Nyangumi, Fungu au Volkano?

Ukiwasimulia watoto wa Moshi safari ya kwanza ya Sindbad, baharia wa Alfu Lela u Lela aliyeshuka na wenzake kwenye kisiwa chenye miti, wakawasha moto, kikatikisika na kuzama kwa kuwa kilikuwa samaki, swali haliepukiki: mabaharia walimwona kweli samaki mkubwa kama kisiwa? Kisa chenyewe kina umri mkubwa kuliko Sindbad. Kimo katika Physiologus, kitabu cha Kigiriki cha karne za mwanzo za Ukristo.

Wanaosema walimwona wana hoja nzito. Physiologus husema mnyama huyo hufungua kinywa, samaki wadogo wakaingia wenyewe. Tangu 2011 watafiti wameshuhudia nyangumi wa nundu wakitulia kinywa wazi, samaki wakijitosa ndani. Jambo kama hilo ni vigumu kulibuni bila kuona.

Ila kinywa si mgongo. Tupime. Nyangumi wa nundu, wanaopita pwani yetu kati ya Julai na Novemba, wana mita 13 hadi 16: kosta mbili za Moshi–Arusha zikifuatana. Nyangumi wa buluu hukaribia mita 30, na kinachotokeza juu ya maji ni sehemu ndogo, laini, yenye utelezi. Mafiga hayakai hapo. Wenzake Sindbad walipika, wengine wakafua. Hiyo ni kazi ya saa nzima au zaidi, na nyangumi akishavuta pumzi huzama. Udongo na miti ndiyo kabisa: mzamo mmoja tu, vyote vimesombwa.

Fungu la mchanga linafaa zaidi. Maji yakipwa hutokeza, kavu, watu wakashuka na kupika. Baada ya saa sita hivi maji yamejaa, na wakati wa bamvua, maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda mita tatu na zaidi. Hatari haianzii kwenye wimbi: maji huingia kwanza mabondeni, yakakukatia njia ya kurudi mashuani huku ulipokaa bado pakavu. Aliyekulia mlimani ataapa kwamba nchi imezama.

Hata hivyo hoja hii ina tundu. Physiologus huhusishwa na Alexandria, na Mediterania haipwi wala haijai kwa kiasi hicho. Huko kuna volkano. Julai 1831 kisiwa kilizuka kusini mwa Sicily; mwanzoni mwa 1832 kilikuwa kimekwisha. Wakazi wa Arusha, wenye vumbi la Meru miguuni kila kiangazi, wanajua jivu la volkano lisivyoshikana. Mawimbi hulila upesi.

Kwa maoni yetu, kinywa ni cha nyangumi, mgongo ni wa nchi kavu. Na moto, mtikisiko na kuzama vinaifuata volkano kuliko samaki aliyeungua.