Mjomba, joka lako linakula nini?

Wiki mbili zilizopita nilishuka Tukuyu kumsalimia dada, mvua inanyesha kama kawaida ya Tukuyu, yani huku huulizi kama itanyesha unauliza itakatika saa ngapi, nikamkuta mwanae wa kidato cha tatu kanuna kwenye kona ya jiko hataki hata chai. Kumbe daftari lake limekamatwa. Na siyo na mwalimu, na mama yake mzazi. Dogo kaandika hadithi kurasa sitini na kitu, ndani kuna joka linatema moto na kijana anaongea nalo kama mshkaji wake, sasa dada yangu ni mtu wa kanisa kwelikweli, aliposoma kurasa mbili tu akaona mtoto ameshachukuliwa huyo.

Nikaomba nilisome kwanza kabla halijaingia kwenye jiko la kuni. Nikalisoma usiku uleule, umeme ukakatika nikamalizia na tochi ya simu.

Dogo anajua kuandika, hilo sibishani na mtu. Ila nchi aliyoitunga ina kasri la mawe, ina theluji miezi sita, askari wanakunywa divai na kula jibini, mfalme anaitwa Aldric, na joka limelala juu ya dhahabu mlimani linasubiri kuuawa. Huyu ni mtoto amezaliwa chini ya mlima Rungwe, jibini kaiona kwenye simu! Baridi anaijua, maana mwezi wa sita na wa saba ukipanda kule Kitulo asubuhi unakuta majani meupe kwa sakitu, lakini hiyo baridi anayoijua hakuiandika, kaandika ya kuazima.

Asubuhi nikamwita. Sikumuuliza kwa nini theluji. Nikamuuliza, mjomba, joka lako linakula nini?

Akasema watu. Nikamwambia sawa, wangapi kwa wiki? Akaanza kucheka, halafu akaacha kucheka, nikaona hapo kazi imeanza.

Maana mimi nimesoma hivi vitabu vya fantasia na vya sayansi ya kubuni tangu niko chuo, vingi vya mtumba vimechanika jalada, na nilichokuja kuamini ni hiki: joka mtu yeyote anaweza kulitunga, mpe mabawa, mpe moto, umemaliza. Wanaobeba kitabu ni wale watu wanaoishi chini ya hilo joka. Wanalima nini, nani anatoa ng'ombe wa kulilisha, binti akiolewa kijiji cha pili joka linahesabiwa kwenye mahari au halihesabiwi. Mwandishi asipojua hayo, joka lake ni picha ya kwenye tisheti.

Hebu piga hesabu. Chatu mkubwa akimeza swala anaweza kukaa wiki na wiki bila kula, kwa sababu analala tu, hana haraka na maisha. Sasa lako linaruka, linatema moto, linapigana na jeshi zima. Hilo linataka ng'ombe, na siyo mmoja. Liweke hapo juu ya safu ya Poroto halafu liwe linashuka mabonde ya Usangu kuchukua mifugo ya watu, unadhani kitatokea nini? Atakuja shujaa na upanga? Wapi! Mtendaji ataitisha mkutano wa kijiji, mmoja atasimama aseme lihamishiwe wilaya nyingine, mzee mmoja atasema lisiguswe kabla ya kuulizwa mababu waliolala, halafu utaanza mjadala mrefu wa kifuta jasho, kwamba tembo akila mahindi tunajaziwa fomu, je joka fomu yake iko ofisi gani, na aliyeunguliwa nyumba anapewa kifuta jasho au kifuta machozi. Hiyo hadithi mimi ningeinunua leo.

Na siyo kwamba wenzetu hawajaliona hilo. Anne McCaffrey mwaka 1968 alitoa kitabu cha kwanza cha sayari yake inaitwa Pern, ukikiangalia kwa juu unasema fantasia, majoka na wapanda majoka, kumbe ni sayansi ya kubuni, wale watu asili yao ni duniani kwetu na majoka yametengenezwa kitaalamu kutoka kwa mijusi midogo ya kienyeji. Yanatafuna jiwe ndo yanapata moto, kazi yao ni kuunguza uzi unaodondoka kutoka angani, uzi ambao unateketeza kila kinachoota. Lakini ugomvi wenyewe uko wapi? Uko kwenye fungu la kumi! Wakulima wanatakiwa kupeleka chakula kwa wapanda majoka, na uzi haujadondoka mamia ya miaka, kwa hiyo wanauliza tunawalisha hawa watu kwa kazi gani. Hapo ndo nilipomuamini yule mama, maana huo ugomvi naujua, nimeukuta kwenye vikao vya michango vingi tu.

Hata dhahabu ina sababu yake. Dogo kaweka dhahabu kwa kuwa ameona majoka ya Kizungu yote yanalalia dhahabu. Tolkien, aliyelitunga lile joka la Smaug kwenye kitabu cha 1937, alikuwa profesa Oxford anafundisha Kiingereza cha kale, na alilijua vizuri lile joka la kwenye utenzi wa Beowulf linalolinda hazina. Kwenye ule ulimwengu wa zamani mfalme mzuri ni yule anayegawa, anawapa watu wake pete na silaha, sasa joka linakusanya halafu halitumii na halimpi mtu. Yani joka ni mchoyo mwenye mabawa. Ukishaelewa hivyo unaacha kuiga dhahabu, unajiuliza mchoyo wa kwetu analalia nini.

Na kwetu mchoyo ni jambo zito. Wanyakyusa wana neno ukwangala, kukaa pamoja mkala mkanywa mkapiga stori, na mtu asiyekwangala na wenzake zamani alikuwa anatazamwa vibaya kabisa. Watafiti wa mila Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa Rungwe miaka ya 1930 wakiandika mambo haya, na kitabu cha Monica kilichotoka 1951 kinaeleza imani kwamba mchawi ana chatu tumboni. Chatu! Tumboni! Na usiku anaruka na chatu wake kwenda kula watu kwa ndani na kukausha maziwa ya ng'ombe za jirani. Halafu sehemu ninayoipenda mimi ni kwamba walinzi wa kijiji nao nguvu yao ni ileile ya chatu, wanawaona wachawi usiku na kupambana nao. Kwa hiyo joka la kwetu halikuwa limekaa mlimani, lilikuwa tumboni mwa mtu unayemsalimia kila asubuhi ugonile, na kitu hichohicho ndo kinga na ndo sumu. Sasa niambie Aldric na upanga wake anaanzia wapi hapo.

Nikamwambia dogo na lile la vijiji vya rika, hakuwahi kulisikia, na amezaliwa hapahapa. Zamani wavulana wa Kinyakyusa wakifika miaka kama kumi au kumi na moja walitoka nyumbani kwa baba wakajenga vibanda vyao pembeni, kijiji cha watoto, chakula wanarudi kula kwa mama zao kwa makundi lakini kulala wanalala kwao, na hicho kijiji wanakua nacho, wanaoa wakiwa humo, mpaka siku baba zao wanawakabidhi nchi. Na mkwe wa kike alikuwa hatakiwi kukutana na baba mkwe wake, anamkwepa njiani. Ukilisoma hilo kwenye riwaya ya sayari ya mbali utasema mwandishi ana akili ya ajabu. Kumbe ni Rungwe, basi la kutoka Mbeya mjini halimalizi hata masaa mawili.

Mwandishi Ursula Le Guin alikuwa mtoto wa mwanaanthropolojia, Alfred Kroeber, na ukisoma unaona kabisa huyu alikulia nyumba ambayo watu wanaongelea mila za watu mezani. Kitabu chake cha kwanza cha visiwa vya Earthsea kilitoka 1968 hiyohiyo, na watu wake wengi humo ni weusi na wa maji ya kunde, shujaa wake Ged mwenyewe ana rangi nyekundu ya kahawia, na majoka yake yanaongea lugha ya kale ambayo binadamu akiiongea hawezi kusema uongo ila majoka yanaweza. Halafu mwaka 2004 wakatengeneza tamthilia ya runinga wakamfanya Ged Mzungu, mama akakasirika akaandika hadharani. Mi nilivyosoma hilo nikajisikia vibaya kidogo maana miaka yote nilikuwa namsoma Ged kichwani namuona Mzungu pia, na maandishi yanasema wazi. Ndo ugonjwa wa dogo huo, na mimi nilikuwa nao.

Sasa isije ikaeleweka kwamba nasema toa theluji weka migomba, mfalme umuite Mwa-nani-sijui, umemaliza. Hiyo nayo ni kuvalisha tu. Kuna vitabu kila taifa lina tabia moja, wa jangwani wote wakali, wa msituni wote wapole, wafanyabiashara wote wezi, kama vile hakuna mtu wa jangwani anayeogopa ngamia. Mbeya tu mjini hapa Wasafwa, Wanyakyusa, Wandali, Wakinga, watu wa kila namna wanauza viazi soko moja, kila mmoja ana utani na mwenzake na kila mmoja anadhani yeye ndo mwerevu. Huo mchanganyiko ndo unakosekana kwenye nchi nyingi za kutunga.

Anayenifurahisha kwenye hili ni Naomi Novik. Ana mfululizo wa vita vya Napoleon ila kila jeshi lina majoka, na kitabu kimoja cha 2007 kinakuja Afrika, kinawakuta Watswana ambao kwao joka ni babu aliyezaliwa upya. Hilo swali langu la chakula linajijibu lenyewe hapo, maana babu yako utamnyima ng'ombe?

Na habari kwamba haya ni mambo ya Wazungu, sisi hatuna, nimechoka kuisikia. Shaaban Robert alitoa Kusadikika 1951, nchi nzima inaelea angani, ina mfalme na mawaziri, Karama anashtakiwa anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Nchi ya angani! Mkenya Katama Mkangi 1995 akaandika Walenisi, mtu anarushwa na chombo mpaka ulimwengu mwingine. Hata mifupa tunayo, mwaka 2017 wanasayansi walitangaza dinosaria wa shingo ndefu aliyechimbwa Songwe hapo jirani, jina lake la kitaalamu ni Shingopana songwensis. Shingopana! Jina tayari ni la hadithi, na mnyama alikuwa mla majani.

Kwa dada ndo palikuwa pagumu. Akanifungulia Ufunuo sura ya 12, joka kubwa jekundu, vichwa saba, pembe kumi, na juu ya vichwa vilemba saba, mkia unakokota theluthi ya nyota, na mstari wa tisa unasema ndiye Ibilisi na Shetani. Nikamwambia dada, Mchina aliyekuja hapa kujenga reli ya TAZARA miaka ya sabini, kwao joka linaleta mvua, na hapa Tukuyu mvua siyo shida yetu. Hakucheka. Nikamwambia basi angalia yule aliyeandika Ufunuo, ameona joka akahesabu vichwa, akahesabu pembe, akaangalia mpaka limevaa nini kichwani, mwanao hata kuhesabu hajahesabu. Hapo akanyamaza, nadhani nilimgusa kama mama wa mwanafunzi kuliko kama muumini.

Jioni tunamenya ndizi, dogo kaletewa daftari lake bila maneno, kimya kimya tu limewekwa mezani. Akafungua ukurasa mpya, akaniuliza mjomba, nikiliweka Ngosi kwenye lile ziwa la juu? Nikasema weka, bibi yetu mwenyewe alikuwa anatusimulia joka la Ngosi, lilikuwa linatoka usiku wa ukungu linachukua ng'ombe. Nikaendelea hivyo kama mtu anayejua, ng'ombe wa nani, njia gani lilipita.

Dada akiwa kwenye moshi, hajageuka hata, akasema, "We naye huwa unasikiliza nusu. Bibi hakusema linachukua ng'ombe. Lilikuwa linanyonya maziwa, halafu linamwachia ndama chuchu mbili."

Dogo akawa ameshaanza kuandika.