Mama Yake Yuko Wapi?

Baba akionekana na mtoto mchanga begani, mtaa mzima unageuza shingo. "Mama yake yuko wapi?" Jamani, kwani sisi si wazazi? Ukimpeleka kliniki, wanauliza mama. Akipata homa shuleni, anapigiwa mama, ingawa namba ya baba ndiyo ya kwanza kwenye fomu! Meza ya kubadilishia nepi imewekwa choo cha wanawake. Sisi tubadilishie wapi, juu ya paa?

Na sifa ndizo zinanichefua zaidi. Baba kaogesha mtoto mara moja, anapigiwa makofi kama karudi vitani na ushindi. Mama anayeogesha kila siku, nani kamshangilia? Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi ya matunzo isiyolipwa duniani. Sabini na sita! Halafu mwanamume akibeba sehemu yake, anaambiwa amekaliwa na mkewe. Na wanaosema hivyo ni wanaume wenzetu, wenye watoto wao. Wamewahi kukesha na mtoto anayeota meno, hawa?