Acheni kuwaambia watoto wafuate ncha

Juzi jioni mpwa wangu aliniletea daftari lake. Swali lilikuwa fupi: onyesha 3 > x kwenye mstari wa namba. Mstari alikuwa ameuchora vizuri kwa rula, duara kaliweka kwenye 3, ila kishale kilikuwa kinaelekea kulia, kwenye 4, 5, 6. Nikamuuliza kwa nini kulia.

"Mjomba, tumefundishwa kufuata ncha ya alama. Ncha inaangalia kulia."

Nilikasirika, na wala si yeye niliyemkasirikia. Ujanja huo wa ncha nimeukuta kwa watoto wengi mno. Haya, nakubali, unaleta vema pale x inapokaa kushoto. Lakini geuza sentensi, useme jambo lilelile kwa kuanzia upande wa pili, mtoto anapotea, kwa sababu hakuwahi kuisoma. Na hiyo ni sentensi! Alama za < na > zilichapishwa mwaka 1631, katika kitabu cha mwanahisabati Mwingereza, Thomas Harriot, kilichotoka miaka kumi baada ya kifo chake. Kabla ya hapo watu walilinganisha namba kwa maneno. Maneno ndiyo yaliyotangulia, alama ikaja kuyafupisha. 3 ni kubwa kuliko x, basi x ni ndogo kuliko 3. Asiyeweza kuitamka hivyo hajaielewa, hata daftari lake lijae vema.

Dawa yake haimalizi dakika: chukua namba moja, ijaribu. Nilimwambia achukue 5. Je, 3 ni kubwa kuliko 5? Akanyamaza, kisha akachukua kifutio mwenyewe. Jaribio hilohilo humwokoa mtoto kwenye −2x < 6, akigawa kwa −2 na kusahau kugeuza alama. Ataandika x < −3, kumbe 0 inafaa kwenye swali na kwenye jibu lake haimo.

Kisha kuna duara, na hapa ndipo tunapowanyima watoto kitu kizuri kuliko vyote. Wanaambiwa alama isiyo na kistari chini yake, duara tupu; yenye kistari, duara la kujaza. Wanakariri, imetoka hiyo. Ilhali Kiswahili kinalisema jambo hili waziwazi: "isiyozidi 3" inaikubali 3 yenyewe, "chini ya 3" inaikataa. "Isiyopungua" na "zaidi ya" ni vivyo hivyo. Mtoto akianza na maneno hayo, hahitaji kukariri chochote kuhusu duara.

Tena kuna swali ambalo kila mtoto anayechora duara tupu anastahili kuulizwa: kama 3 haimo, namba kubwa kuliko zote zilizomo ni ipi?

Nilimuuliza mpwa wangu. Akajibu haraka, "2." Nikagusa katikati ya 2 na 3, akaona 2.5. Akasema basi ni 2.9. Halafu, kabla sijafungua mdomo, 2.99. Akaanza kuweka vinukta kwa penseli, kila kimoja karibu zaidi na 3 kuliko kilichotangulia, huku akinong'ona tisa, tisa, tisa.

"Mjomba, kwa hiyo ya mwisho haipo?"

Hakungoja jibu. Aliinama tena, akaendelea kubana vinukta vyake mpaka penseli ikatoboa karatasi, pembeni kabisa mwa lile duara.