Baba Agoma Kufikisha Miaka 80

Simu ilikuwa mezani, spika imewashwa, wakala wa bima ya safari yake ya Marekani upande wa pili, na Baba amevaa miwani ya kusomea ingawa hapakuwa na cha kusoma. Swali la kwanza lilikuwa jepesi: mzee ana ugonjwa wowote wa muda mrefu?

"Sina."

Mama akapaza sauti kutoka chumbani: "Na vile vidonge vya presha huwa unampa nani?"

"Presha si ugonjwa. Ninayo miaka mingi, tumeshazoeana."

Kampuni za bima hazina mazoea hayo. Bima nyingi za wageni wanaoingia Marekani hazigusi matibabu ya kawaida ya ugonjwa aliokuja nao mtu: si kupima presha, si kuongezewa dawa zikiisha. Baadhi yake hulipa endapo ugonjwa huo umelipuka ghafla bila dalili za kutangulia, na mgonjwa akatafuta matibabu ndani ya saa 24. Tena zina ukomo wa umri kwa kipengele hicho. Nyingine hukifunga miaka 70, nyingine 80. Ukidanganya, madai makubwa yakija watadai mafaili ya hospitali uliyotibiwa nyumbani, na hapo vidonge vitajieleza vyenyewe.

Wakala akayafafanua hayo kwa upole. Baba akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo nikiugua polepole hamlipi?"

"Inabidi iwe ghafla, mzee."

"Haya. Nitajitahidi."

Tangu mwanzo Baba aliona bima ni hela ya kutupa, na viza ilimpa nguvu: Marekani haidai bima kwa viza ya matembezi. Angekuwa anakwenda nchi za Schengen kule Ulaya, bila bima ya angalau yuro 30,000 inayofaa katika nchi zote za eneo hilo asingepata viza. Kanada nao, kwa ile viza ndefu ya wazazi, wanataka kinga ya dola 100,000 za kwao kwa mwaka mzima. Marekani wanakuachia uamuzi, kisha bili ya hospitali inakuja kukuuliza uliamua nini.

Alipokubali, alikubali iliyo rahisi kuliko zote: ile inayolipa kwa jedwali. Kila huduma ina kiasi chake maalumu, daktari kukuona kiasi hiki, usiku mmoja wa kulazwa kiasi kile, na bili ikizidi jedwali, ziada ni yako. Kwa kijana anayekwenda wiki moja labda. Kwa mzee, mimi siipendekezi hata kama inatolewa bure.

Dada yangu, ambaye ndiye mwenyeji wake huko, alishachagua nyingine. Baba angejilipia dola 250 za mwanzo, kisha kampuni ingelipa asilimia 80 ya dola 5,000 zinazofuata, na baada ya hapo yote mpaka kwenye kikomo, yaani kiasi cha juu kabisa inachokubali kulipa. Maana yake bili ya dola 6,000 ingemtoa Baba 1,250: zile 250, na 1,000 ambazo ni sehemu yake katika 5,000. Baba alipiga hesabu hiyo mara mbili kwenye karatasi akitafuta mahali anapoibiwa.

Nikainuka kufuata pasipoti kabatini. Kurudi, nikakuta ameshajibu maswali yaliyobaki peke yake na anaagana na wakala kama jirani. Dada akalipa, hati ikaingia kwenye barua pepe. Kikomo dola 100,000, ada nafuu ajabu. Unafuu huo ndio ulionishtua. Hati ya bima husomwa sambamba na pasipoti, jina herufi kwa herufi, tarehe namba kwa namba. Hati ilisema Baba kazaliwa 1 Januari 1950. Pasipoti ilisema 1 Januari 1946.

"Ya pasipoti ni ya uongo," akasema bila hata kupepesa. "Nilijiongezea miaka minne ujanani nipate kazi. Leo nimeamua kusema ukweli."

Kati ya watu wote duniani wa kuambiwa ukweli huo, akamchagua wakala wa bima.

Na safari ilikuwa ianze 5 Januari 2026. Kwa tarehe ya pasipoti, siku nne kabla ya kupanda ndege angekuwa ametimiza 80, na kwenye bima za wageni miaka hiyo ni mteremko mkali: kikomo mara nyingi huporomoka hadi dola 10,000 na ada hupanda. Wakala alipotupigia hesabu upya, kinga ya matibabu ikawa hizo 10,000, ila kusafirisha mwili akifariki kulibaki na kikomo chake tofauti cha dola 50,000.

Baba akavua miwani. "Yaani nikiugua elfu kumi, nikifa elfu hamsini? Hawa wananitakia nini?"

Kilichotuokoa ni kwamba bima ilikuwa haijaanza. Kabla ya siku ya kuanza, kampuni nyingi hufuta na kurudisha ada yote. Ikishaanza hukata gharama, na ukiwa umewasilisha madai, hela hiyo isahau kabisa. Tuliomba kwa maandishi ifutwe ili tukate upya kwa tarehe ya pasipoti. Masharti ya bima hii yalihesabu umri wa siku inapoanza, basi tukasogeza tiketi hadi 28 Desemba na bima ianze siku hiyohiyo, Baba akiwa bado na 79 za kisheria. Siku zote za safari tulizilipia kwa mkupuo, kwa sababu kuongeza muda akiwa huko kungehesabiwa kwa umri mpya.

Likabaki somo la kadi ya bima. Ina namba ya simu ya saa 24, na si pambo: kabla ya kulazwa, au mapema iwezekanavyo baada ya dharura, lazima kampuni ijulishwe, la sivyo malipo hupunguzwa, wakati mwingine kwa nusu. Nilimweleza Baba mara kadhaa. Akaitikia kila mara, jambo ambalo lingenitia wasiwasi kama ningekuwa macho.

Usiku wa manane nikamsikia sebuleni anaongea.

"Hapana, hakuna dharura. Najaribu tu kama mnaamka."

Kimya kidogo.

"Mzima kabisa. Nimesema najaribu."

Kimya kirefu zaidi. Kisha mlango wangu ukagongwa, na simu ikapenyezwa gizani.

"Hebu ongea nao wewe. Wanauliza nimezaliwa lini."